Somo kwa Wanaojifunza Udereva: Klachi Huungua Wapi?



Katika mashamba ya miwa ya Busoga na mashamba ya chai ya Toro wapo wenzetu wengi wanaotaka kutoka kwenye panga na kikapu na kushika usukani. Hilo ni jambo la kusifiwa. Mkata miwa aliyejifunza kuendesha trekta au lori amejipatia ujuzi ambao hakuna msimamizi anayeweza kumnyang'anya. Lakini wengi wao hukwama mahali pamoja. Usukani wanauzoea, breki wanaielewa, pedeli ya mafuta haiwasumbui. Kinachowashinda ni pedeli ya kushoto, yaani klachi.

Mimi mwenyewe nilijifunzia kwenye lori kuukuu. Msimamizi aliyekaa kando yangu alikuwa na maneno mawili tu: "Kanyaga!" na "Achia!" Nilipoachia, lori liliruka kama chura na kuzimika. Nilipoachia polepole zaidi huku nikikanyaga mafuta kwa hofu, ilitoka harufu ya kuungua, naye akaniambia kwamba bei ya klachi itatoka kwenye mshahara wangu. Sikujua nimekosa nini, kwa hiyo sikuwa na la kujibu. Nilielewa baadaye, siku nilipoiona klachi imefunguliwa juu ya meza ya fundi. Nilisimama pale nusu saa tu, na nusu saa ile ilinifunza kuliko makelele ya majuma matatu.

Somo hili linataka kukupa nusu saa hiyo. Siku hizi magari mengi madogo yanayoagizwa kutoka Japani hayana pedeli ya klachi. Lakini matrekta na malori mengi ya mashambani na viwandani bado yanayo, na huko ndiko iliko kazi yetu. Mfanyakazi asiyejua chombo chake hukiendesha kwa hofu, na hulipishwa kwa kosa ambalo pengine si lake.

1. KWA NINI GARI LINAHITAJI KLACHI

Injini haifanani na miguu ya mtu. Mtu aliyesimama anaweza kuanza kutembea taratibu kadiri apendavyo. Injini ya petroli au ya dizeli haiwezi kufanya hivyo. Ikishawashwa ni lazima iendelee kuzunguka, na ikizunguka polepole mno huzimika. Injini ya gari dogo, hata kabla hujagusa pedeli ya mafuta, huzunguka kama mara 800 kwa dakika. Injini ya lori la dizeli huzunguka polepole kidogo kuliko hapo. Wakati huohuo magurudumu yamesimama kabisa.

Tufanye hesabu. Katika gari dogo la kawaida, ukiwa katika gia ya kwanza, injini huzunguka kama mara 14 ili gurudumu lizunguke mara 1. Gawa 800 kwa 14, utapata kama 57. Maana yake gurudumu litazunguka mara 57 kwa dakika. Kila mzunguko husogeza gari kama mita 1.9. Kwa hiyo gari litakwenda kama mita 108 kwa dakika, yaani kilomita 6 na nusu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea haraka kuiwahi kengele ya kiwanda.

Sasa fikiri vizuri. Ikiwa injini imeungwa na magurudumu moja kwa moja, gari haliwezi kwenda chini ya mwendo huo bila injini kuanza kuhangaika na mwishowe kuzimika. Lakini kila gari linaanzia kwenye sifuri. Litatokaje kwenye sifuri hadi kufika kilomita 6 na nusu? Hapo kuna pengo. Kazi ya kwanza ya klachi ni kulivusha gari pengo hilo. Kazi yake ya pili ni kutenganisha injini na gia kwa muda mfupi, ili uweze kubadilisha gia bila meno ya gia kusagana.

Ukielewa habari ya pengo, umeelewa nusu ya somo.

2. VIPANDE VYA KLACHI

Klachi imefichwa katikati ya injini na gia boksi. Vipande vyake vikubwa ni hivi:

(a) Flaiwili. Ni gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Injini ikizunguka, nalo linazunguka. Uso wake ni laini kama sinia.

(b) Pleti ya klachi. Ni sahani nyembamba ya chuma, na pande zote mbili imefunikwa utando mgumu wa kusugua, kwa kawaida umeshikwa kwa ribiti. Pleti hii haikufungwa kwenye injini. Imevishwa kwenye shafti inayoingia ndani ya gia boksi. Pleti ikizunguka, shafti ya gia inazunguka.

(c) Presha pleti. Ni sahani nzito ya chuma yenye springi kali nyuma yake. Imefungwa kwenye flaiwili na huzunguka pamoja nayo. Kazi yake ni kuibana pleti ya klachi dhidi ya flaiwili, kama mkate unavyobanwa kati ya viganja viwili.

(d) Beringi ya klachi na uma wake. Ukikanyaga pedeli, waya, fimbo au mafuta yaliyo ndani ya bomba huusukuma uma, uma huisukuma beringi, na beringi huzikandamiza springi. Springi zikikandamizwa, presha pleti hurudi nyuma na pleti ya klachi inabaki huru.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wao hudhani kwamba mguu ndio unaoiunga klachi. Sivyo. Kazi ya kuunga inafanywa na springi. Kazi ya mguu ni kutenganisha. Ukikanyaga, umetenganisha injini na magurudumu. Ukiachia, springi zinaviunga tena. Kwa hiyo unapoinua mguu kwa ghafla, umeziruhusu springi zenye nguvu nyingi ziunge ghafla chuma kinachozunguka mara 800 na chuma kilichosimama. Si ajabu gari linaruka.

3. JARIBIO LA VIGANJA

Jaribio hili halihitaji gari. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye benchi wakati wa mapumziko.

Chukua kiganja cha kushoto ukiite injini, na cha kulia ukiite magurudumu. Viweke mbali kidogo, kisha kizungushe cha kushoto. Cha kulia hakisikii lolote wala hakipati moto. Hiyo ndiyo klachi iliyokanyagwa mpaka chini.

Sasa vibane viganja kwa nguvu, kisha uzungushe cha kushoto. Cha kulia kinazunguka pamoja nacho. Hakuna kinachosugua, na hakuna moto. Hiyo ndiyo klachi iliyoachiwa kabisa.

Halafu vigusanishe kidogo tu. Zungusha cha kushoto, na cha kulia kikizuie kwa sehemu. Utasikia joto mara moja. Hiyo ni klachi iliyo katikati.

Basi umelipata jibu la swali la somo letu. Klachi haiungui ikiwa chini kabisa, wala haiungui ikiwa juu kabisa na yote ni mazima. Huungua katikati, wakati nyuso mbili zinaposuguana kwa mwendo tofauti. Wenzetu wa viwandani wanalijua jambo hili kwa mkanda wa mashine. Mkanda uliokazwa vizuri hauna neno. Mkanda uliolegea huteleza, hunuka, na mwisho hukatika.

Lakini tuseme ukweli wote: bila kupita katikati huwezi kuondoa gari. Kupita hapo kwa sekunde mbili au tatu ndiyo kazi ambayo klachi ilitengenezewa. Kinachoiua ni kukaa hapo. Dereva mzuri hupita. Dereva asiyejua hukaa.

4. KUONDOA GARI KATIKA TAMBARARE

Jifunze kwenye uwanja mpana, bila watu mbele wala nyuma. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, hakikisha breki ya mkono imevutwa na gia iko huru. Washa injini.

Pili, kanyaga klachi mpaka chini kabisa kwa mguu wa kushoto. Usikanyage nusu. Weka gia ya kwanza.

Tatu, inua mguu wa kushoto polepole, kisigino kikiwa sakafuni ikiwezekana, na usikilize. Kwa muda hakuna kitakachotokea. Kisha sauti ya injini itashuka kidogo, kama ya mtu aliyepokea mzigo begani. Gari litatikisika kidogo au pua yake itainuka. Hapo klachi imeanza kushika. Zuia mguu hapohapo.

Nne, ongeza mafuta kidogo sana kwa mguu wa kulia, kisha achia breki ya mkono. Gari litaanza kusogea.

Tano, gari likisogea, usiharakishe kuinua mguu. Ngoja mpaka mwendo wa gari na mwendo wa injini ukutane, sekunde mbili au tatu, kisha inua mguu wote na uutoe kabisa kwenye pedeli.

Zoezi la maana kuliko yote ni hatua ya tatu. Irudie mara 20 kwa siku ya kwanza bila hata kuondoka: inua mpaka ishike, kisha kanyaga tena mara moja. Ukifanya hivyo mguu utajifunza mahali pa kushika. Kumbuka kwamba kila gari lina mahali pake. Katika gari moja klachi hushika karibu na sakafu, katika jingine hushika juu. Dereva wa zamani akipewa lori asilolizoea, naye huanza kwa kulitafutia mahali pake. Hiyo si aibu.

Gari likizimika, usione haya. Kanyaga klachi, vuta breki ya mkono, rudisha gia iwe huru, washa upya. Injini iliyozimika haijaharibu klachi. Klachi huharibiwa na yule anayeogopa kuzima, kwa hiyo anakanyaga mafuta mengi huku klachi ikiwa katikati.

5. KUONDOKA MLIMANI

Mlimani gari linataka kurudi nyuma, kwa hiyo breki ya mkono ndiyo rafiki yako. Ivute. Weka gia ya kwanza. Inua klachi mpaka ishike na sauti ya injini ishuke, ongeza mafuta zaidi kidogo kuliko ulivyofanya tambarare, na ukisikia gari linataka kwenda mbele ndipo uachie breki. Ukiona linarudi nyuma, kanyaga breki, vuta tena ya mkono, uanze upya.

Kuna tabia mbaya ya kusimama mlimani bila breki, gari likishikiliwa na klachi iliyo katikati na mafuta kidogo. Wengine huona hiyo ni ufundi. Rudi kwenye viganja vyako: injini inazunguka, magurudumu yamesimama, na pleti inasuguliwa bila kupumzika. Dakika chache za mchezo huo, tela likiwa limejaa, zinaweza kula maisha ya klachi kuliko siku nyingi za kazi ya halali.

6. KUBADILISHA GIA, KUSIMAMA NA KUTEREMKA

Unapobadilisha gia, ondoa mguu wa mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, badilisha, kisha inua mguu kwa upole. Gari likiwa tayari linakwenda, pengo ni dogo, kwa hiyo huhitaji kukawia kama ulipoondoka.

Unaposimama, breki ndiyo inayotangulia. Klachi hufuata mwishoni, gari likikaribia kusimama, ili injini isizimike. Klachi si breki. Ukikanyaga klachi gari halipungui mwendo. Limeachwa huru tu.

Na hapa, ndugu, nakuomba usome polepole. Unapoteremka mlima na gia imeingia, injini hulizuia gari lisikimbie. Ukikanyaga klachi, au ukiweka gia huru ili kuokoa mafuta, umelikata gari na kizuizi hicho. Mzigo wote unaangukia breki. Breki zikipata moto mno hupoteza nguvu. Trekta lenye tela la miwa au lori la majani ya chai likishakimbia hivyo, hakuna nguvu za mtu zitakazolirudisha. Chagua gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake, kwa maana ukitoa gia katikati huenda usiweze kuiingiza tena. Kisha weka mguu wa kushoto sakafuni uuache hapo.

7. KWA WAENDESHA TREKTA

Matrekta mengi yana klachi ya ngazi mbili. Ukikanyaga nusu ya kwanza, magurudumu yanatengwa na injini. Ukikanyaga mpaka chini, shafti ya nyuma inayozungusha mashine nayo inatengwa. Uliza trekta lako ni la namna gani kabla ya mtu yeyote kukaribia mashine iliyofungwa nyuma. Kukanyaga klachi hakutoshi kumlinda mtu anayesafisha mashine. Toa gia, zima mwendo wa shafti, zima injini, chukua ufunguo, ndipo mtu asogee.

Jambo la pili ni la uhai. Usiachie klachi ghafla trekta likiwa kwenye mlima, likivuta gogo au mzigo uliokwama. Magurudumu makubwa yakigoma kuzunguka, nguvu ya injini huliinua trekta lenyewe kwa mbele, nalo linaweza kupinduka kinyumenyume kwa sekunde moja au mbili. Hatari huzidi mnyororo ukifungwa juu, badala ya kwenye mahali pa chini palipotengenezwa kwa kuvutia. Funga chini, achia klachi taratibu, na mzigo ukikataa, acha.

8. TABIA ZINAZOIUNGUZA KLACHI

Chunguza mguu wako mwenyewe kwa orodha hii:

(i) Kupumzisha mguu juu ya pedeli wakati wa safari. Uzito mdogo tu hupunguza nguvu ya springi, na beringi inazunguka bila kupumzika.

(ii) Kuondoka kwa gia kubwa. Katika hesabu yetu gia ya kwanza ilikuwa na pengo la kilomita 6 na nusu. Katika gia ya nne, injini ileile huzunguka kama mara 4 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na pengo linakuwa kama kilomita 23. Klachi itasuguliwa muda mrefu zaidi na kupata moto mwingi zaidi.

(iii) Kunguruma mafuta mengi klachi ikiwa katikati.

(iv) Kushikilia gari mlimani kwa klachi.

(v) Kungoja kwenye foleni ya mizani gia imeingia na klachi imekanyagwa. Pleti haisuguliwi, lakini beringi na springi zinachoka bure. Weka gia huru, vuta breki, pumzisha mguu.

(vi) Kuvuta mzigo unaozidi uwezo wa chombo. Hapa lakini tujiulize: ni nani aliyeamuru tela lijazwe kiasi hicho?

9. KLACHI INAYOUNGUA BILA KOSA LA DEREVA

Klachi ni kama soli ya kiatu. Hata ukitembea kwa adabu, siku moja itakwisha. Zaidi ya hayo, yapo makosa ya matengenezo ambayo dereva hana mkono ndani yake.

La kwanza ni marekebisho. Pedeli nyingi zinazovutwa kwa waya au fimbo hutakiwa kuwa na nafasi ndogo ya kucheza juu, kabla hazijaanza kusukuma. Kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kadiri pleti inavyoisha, nafasi hiyo hupungua. Isiporekebishwa, mwisho springi hukandamizwa kidogo wakati wote, hata kama hukukanyaga. Klachi huteleza na kuungua huku mguu wako uko sakafuni.

La pili ni mafuta. Sili ya nyuma ya injini au ya gia boksi ikivuja, mafuta huingia kwenye pleti. Pleti yenye mafuta haishiki.

Dalili za klachi inayoteleza ni hizi: unapanda mlima, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inatoka hata ukiendesha vizuri. Unaweza kuijaribu hivi: gari likiwa tambarare bila mtu mbele, vuta breki ya mkono kwa nguvu na kanyaga breki ya mguu, weka gia ya tatu, kisha inua klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, kwa muda mfupi.

Ukiona dalili hizo, toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi, uandike tarehe na namba ya gari, ubaki na nakala. Karatasi hiyo ni ngao yako.

10. VUMBI LA KLACHI

Neno kwa mafundi na wasaidizi wao. Kwa miaka mingi utando wa pleti za klachi na wa breki ulitengenezwa kwa asbesto. Vumbi la asbesto likivutwa ndani ya mapafu huweza kuleta saratani na magonjwa mengine baada ya miaka mingi, hata 30 au 40. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 162 juu ya asbesto mwaka 1986. Uingereza ilikataza asbesto mwaka 1999, na katazo la Umoja wa Ulaya lilianza kutumika mwaka 2005. Lakini kwenye gari kuukuu huwezi kujua kwa macho pleti imetengenezwa kwa nini. Kwa hiyo usipulize vumbi hilo kwa upepo wa kompresa, wala usilifagie kavu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

11. NANI ALIPE?

Klachi ikiungua, jambo la kwanza linalosemwa ni "dereva hajui." Basi kumbuka hili: pleti yenyewe ni shahidi. Ikitolewa, itazame. Ikiwa utando umelika sawasawa mpaka kwenye ribiti, hiyo imezeeka kwa kazi. Ikiwa imelowa mafuta, tafuta sili inayovuja. Ikiwa utando umekuwa mweusi na kupasuka, na flaiwili ina madoa ya rangi ya buluu, imepata moto mkali. Hapo uliza kama ni mguu, ni mzigo, au ni pedeli isiyorekebishwa. Kwa hiyo mwakilishi wa tawi aombe pleti ionekane kabla haijatupwa. Pleti ikishatupwa, linabaki neno la msimamizi peke yake.

Na huo mshahara hauwezi kukatwa kwa hasira tu. Mkataba Na. 95 wa ILO wa mwaka 1949 unasema mshahara ukatwe kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria, na makubaliano ya pamoja au na uamuzi wa usuluhishi. Kwa majirani zetu wa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi cha hasara, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara. Kenya nako, sheria ya mwaka 2007 inazungumzia uharibifu uliotokana na kosa la kukusudia. Wewe soma sheria ya nchi yako na makubaliano ya chama chako na mwajiri, kisha ulize: inasemaje?

Kusema hivi si kuwatetea wazembe. Mwenye mguu mzito arekebishwe, tena na wenzake kwanza. Lakini hukumu itanguliwe na uchunguzi, na kazi ya udereva itanguliwe na mafunzo. Anayepewa trekta bila kufundishwa ameonewa kabla hajaliwasha.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini injini haiwezi kuungwa na magurudumu moja kwa moja gari likiwa limesimama.

2. Unapokanyaga klachi, je, unaunga au unatenganisha? Ni kitu gani kinachofanya kazi ya kuunga?

3. Mwenzako anashikilia lori mlimani kwa klachi na kujisifu. Utamwonyeshaje kwa viganja kwamba anakosea?

4. Kwa nini ni hatari kukanyaga klachi katika mteremko ukiwa na tela lililojaa?

5. Katika kazi yenu, ni nani anayepima nafasi ya pedeli za klachi, na mara ngapi? Kumbukumbu zake ziko wapi?

6. Klachi imeungua leo na msimamizi anataka kumkata dereva mshahara. Taja mambo matatu ambayo mwakilishi wa tawi anapaswa kuyaona au kuyauliza kabla ya kikao.

Someni kwa vikundi, mmoja akisoma na wengine wakifuata kwa viganja. Na kama tawini yupo fundi mwenye klachi kuukuu, aje nayo aiweke mezani ili kila mtu aishike kwa mkono wake.